Mkono wa Tumbaku

Piroska Vadnai alikuwa na mibangi minne, na ilipofika mwisho wa Agosti alikuwa amezijua tabia zake kama mtu anavyojua tabia za wakwe. Wa kwanza unajidai, wa pili unainama, wa tatu unakunywa maji kuliko ng'ombe, na wa nne, uliojibanza kwenye kona nyuma ya tangi la mafuta, hausemi kitu, unanenepa tu.

Jumanne moja alifungulia kuku, akanywa kahawa, akameza vidonge vyake vya asubuhi, kisha akatoka na fimbo kwenda kuisalimia mibangi kama kawaida. Wa kwanza haukuwa na kichwa.

Hakupiga kelele. Alisogea karibu, akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. Jana yake pale kileleni palikuwa na ua nene kama gunzi changa la mahindi, limejaa vinywele vyeupe. Leo palikuwa na kikonyo kitupu kinachovuja utomvu. Chini hapakuwa na kitu isipokuwa kuku saba wakichakura. Akatazama kulia, kwenye shamba la jinsengi, ile mizizi ya dawa, la watu wa mbali ambao hata sura zao hakuzijua. Akatazama kushoto, kwenye uzio wa michongoma, na nyuma ya uzio ule kuna nyumba ya Godelieve Strobbe.

"Aha," akasema.

Mtu asiyejua mambo anaweza kuona ni kelele za bure, kichwa kimoja cha bangi. Lakini nyonga ya kushoto ya Piroska ilikuwa imemnyima usingizi kwa mwaka wa tatu. Maumivu hayo aliyapata kwa miaka thelathini ya kuinama kwenye mistari ya tumbaku, wakati ambapo huku kusini mwa Ontario, Kanada, kila mtu aliinama kwenye mistari ya tumbaku, na sasa foleni ya kubadilishiwa nyonga ilikuwa ndefu kiasi kwamba daktari mwenyewe alipoitaja aliangalia dirishani. Vidonge vilimpa kiungulia. Usiku alikuwa anageuka kama mkate kwenye kikaango. Halafu, Februari iliyopita, Godelieve akamletea biskuti mbili zilizofungwa kwenye karatasi, akamwambia ale nusu, si zaidi, na asipande ngazi. Piroska akala nusu. Akalala mpaka saa moja asubuhi bila kugeuka hata mara moja, akaamka akidhani amekufa.

Biskuti ziliisha Machi. Za dukani alizijaribu, zikamwacha macho makavu na mdomo wa sabuni. Sheria inaruhusu kila nyumba mimea minne, kwa hiyo Mei Godelieve akamletea miche minne kwenye makopo ya maziwa ya mgando, na maelekezo mafupi ya mwanamke aliyekwisha kufanya jambo hilo misimu mitatu: jua la kutosha, maji asubuhi, na ikianza kutoa maua usiiguse kabisa, kwa sababu maua ndiyo dawa yenyewe, majani ni takataka.

"Kukausha nitakuja kukuonyesha mimi," Godelieve alimwambia siku ile. "Ninyi Wahungaria mkiachiwa mtaiunguza."

Piroska alicheka. Wabelgiji na Wahungaria wa kwetu wametaniana hivyo tangu babu zao walipogombea vibarua kwenye shamba moja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mavuno yakikauka vizuri, ana usingizi wa majira yote ya baridi. Yakipotea, ana dari la kutazama mpaka Aprili.

Na sasa kichwa kimoja kilikuwa hakipo.

Alimweleza mumewe wakati wa supu ya mchana. Dezso Vadnai ni mtu mwembamba wa miaka sabini na mitatu, maneno yake machache, na tangu wauze kibali chao cha kulima tumbaku miaka kumi na tano iliyopita kazi yake kubwa ni kuamka kabla ya watu wote, kumimina kahawa, na kuzunguka uwanja na kikombe mkononi kama mkaguzi wa barabara. Alisikiliza, akaweka kijiko chini.

"Kimechukuliwa usiku?"

"Jana jioni kilikuwepo."

"Nikimkamata huyo mtu," Dezso alisema, "namvunja dole gumba."

Piroska alifarijika. Ni vizuri kuwa na mwanamume ndani ya nyumba.

Ijumaa mbangi wa pili nao ukakosa kichwa. Jumatatu ukafuata wa tatu, tena safari hii hata matawi ya pembeni yalikuwa yameguswa. Piroska akaanza uchunguzi. Kulungu aliwatoa hatiani mapema, maana kulungu akila anakula na majani, na anaacha nyayo na mavi. Msomaji wa mita alikuja mara moja tu mwezi mzima, na alikuwa na mzio wa kila kitu, alipiga chafya toka getini mpaka kwenye mita na kurudi. Kuku nao aliwawazia kidogo, lakini kuku harukii mmea wenye urefu wa mtu, na wale wake katika siku za karibuni walikuwa wamepoa ajabu. Jogoo aliyekuwa akimchoma miguu kila asubuhi sasa alikuwa anakaa juani na kutazama mbali. Piroska alidhani ni uzee.

Akabaki Godelieve.

Ushahidi ulijileta wenyewe, kama ushahidi unavyofanya ukishamteua mtu. Godelieve anatembea na mkasi wenye mpini mwekundu ndani ya mfuko wa aproni, mchana kutwa, hata kanisani umewahi kuonekana. Godelieve aliuliza, juzi tu, bila kuulizwa, "Vilele vimefika wapi sasa?" Mikono ya Godelieve inanuka bangi. Inanuka kwa sababu naye ana mibangi minne yake, lakini mtu anayeiba bangi angeficha wapi harufu kama si nyuma ya bangi yake mwenyewe? Piroska alipofika kwenye wazo hilo alilipenda sana, akalirudia kwa sauti ya chini akimenya viazi.

Akafunga uzi mweusi kwenye mwanya wa uzio wa michongoma, usawa wa goti. Kesho yake kichwa kingine cha pembeni kilikuwa kimekwenda na uzi ulikuwa palepale, haujaguswa. Jambo hilo lingemsafisha mtu mwingine yeyote. Piroska aliutazama uzi, akatazama uzio, akakumbuka kwamba Godelieve, pamoja na miaka yake sabini na minne, ana miguu ya korongo. Ameruka.

Dezso alimuunga mkono. Si kwa maneno, alitikisa kichwa tu na kusema kwamba marehemu Maurits Strobbe, mume wa Godelieve, aliwahi kuazima jeki ya trekta akairudisha baada ya miaka miwili. Kwa Piroska ilitosha, ukoo wenyewe ulikuwa na historia.

Kwa siku kadhaa akawa anachungulia kwenye tundu la michongoma na kuhesabu maua ya mwenzake. Yalikuwa mengi. Yalikuwa makubwa. Kila alipoyahesabu idadi ilibadilika, na kila ilipobadilika iliongezeka. Salamu zikapungua. Godelieve alipopunga mkono akiwa anatoa takataka, Piroska aliinua fimbo kidogo, kama mtu anayepima upepo.

Siku ya kumi na tisa Godelieve akaja mwenyewe, na sahani ya keki za vishimo za Kibelgiji zilizofunikwa kitambaa, na mkasi mfukoni. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye mibangi. Alisimama mbele ya ule wa kwanza akiwa mdomo wazi.

"Piroska, mmeifanya nini hii?"

"Wewe ndiye wa kuniambia," Piroska alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyoipanga. "Vichwa vyangu vimekwenda wapi, Godelieve?"

Godelieve akageuka polepole. Aliangalia uso wa jirani yake, kisha mahali macho ya jirani yake yalipokuwa yanaangalia, yaani kwenye mpini mwekundu uliochomoza mfukoni.

"Vichwa vyako," akasema. "Kimoja naona bado unacho, ila sijui ndani kuna nini."

Hakupandisha sauti. Alimpa Piroska sahani ashike, akavaa miwani yake, akakishika kikonyo kilichokauka kwa vidole viwili na kukiinamisha kwenye mwanga. Piroska alibaki na sahani mkononi, keki bado za moto, akijisikia kama mtu aliyekamatishwa mtoto wa adui.

"Njoo hapa. Mkasi unaacha jeraha bapa, safi. Hili limekunjwa, likavunjwa, likachunwa kidogo kwa chini. Hapa ni ukucha. Na tazama hapa." Alionyesha pembe kati ya jani na shina. "Hata machipukizi yameng'olewa. Wewe umewahi kusikia mwizi anayechukua kichwa halafu anabaki kusafisha machipukizi?"

Piroska akasogeza uso mpaka karibu na kikonyo.

"Huu ni mkono wa tumbaku," Godelieve akasema. "Tena mkono mzuri."

Mtu yeyote aliyekulia huku hahitaji kuelezwa maana yake. Kwenye tumbaku ua ni adui. Likitokea unalivunja, na machipukizi yote yanayojaribu kuchukua nafasi yake unayang'oa, ili nguvu yote iende kwenye jani. Julai mpaka Agosti watu walikuwa wanatembea mstari baada ya mstari, mkono wa kulia juu, dole gumba na kidole cha shahada, tak, tak, tak, hawasimami, wanapiga soga. Shamba zuri lilikuwa lile lisilo na ua hata moja.

"Na mimi kazi yangu unaijua," Godelieve aliendelea. "Miaka ishirini na sita nilikuwa mezani nafunga majani kwenye vijiti. Sijavunja kichwa cha tumbaku maishani mwangu. Maurits alisema mimi mrefu mno, nitaumia mgongo." Akachukua sahani yake kutoka mikononi mwa Piroska, akaifunika kitambaa vizuri pande zote nne. "Na hiyo iliyobaki utakausha mwenyewe."

Akaenda. Hakuruka uzio, alizunguka kwa getini kama Mkristo.

Piroska angeweza kumaliza jambo pale. Lakini shaka ukishaifuga siku kumi na tisa haiondoki kwa kufukuzwa mara moja, inahama chumba tu. Mkono wa tumbaku! Huku kwetu kila mwenye zaidi ya miaka sitini ana mkono wa tumbaku. Jumapili, kwenye chakula cha mchana ukumbini kwa Wahungaria, alipita meza kwa meza akisalimia watu ambao hakuwa na desturi ya kuwasalimia, akawashika mikono kwa muda mrefu na kutazama madole gumba. Padri alikuwa na ukucha wa kutiliwa shaka. Kumbe naye alipokuwa mwanafunzi alifanya vibarua vya kiangazi kwenye tumbaku. Mweka hazina alikuwa na ukucha mweusi, akadai ni nyundo. Piroska alirudi nyumbani na washukiwa kumi na wanne na nyonga inayowaka moto, maana kutembea meza kwa meza si jambo la bure kwa mtu wa hali yake.

Usiku ule hakulala. Alihesabu siku. Sakitu ya kwanza, ile inayogandisha umande na kuunguza majani, ingeweza kuja wiki mbili zijazo. Kilichobaki kwenye mimea mitatu hakikujaza kofia. Mbangi wa nne tu, ule wa nyuma ya tangi, ndio ulikuwa mzima, na hilo nalo lilimtatiza. Mwizi gani anaacha ulionona kuliko yote?

Kulipopambazuka aliacha kujidanganya kwamba atalala, akashuka jikoni mapema kuliko kawaida yake. Dezso alikuwa amesharudi kutoka kwenye mzunguko wake. Alisimama kwenye sinki akiwa amempa mgongo. Kando yake, juu ya ubao wa kukatia, kulikuwa na nyanya mbichi ya kijani iliyopasuliwa katikati, naye alikuwa anajisugua mikono kwa nusu ya nyanya ile, taratibu, kidole kwa kidole, huku akipiga mluzi.

Piroska akashika kiti.

Miaka kumi na tano hakuwa ameona mtu akinawa kwa nyanya mbichi jikoni mwake. Utomvu wa tumbaku ni mweusi na unanata kama lami, sabuni inauchekelea tu. Kinachouondoa ni nyanya ambayo haijaiva, na siku za msimu kila nyumba ilikuwa na ndoo ya nyanya hizo mlangoni.

"Baba Etelka," akasema polepole. Alimwita hivyo, kwa jina la binti yao, siku za furaha kubwa na siku za hatari. "Unafanya nini?"

"Nanawa."

"Kwa nyanya?"

"Mikono inanata."

"Inanata nini?"

Dezso akafungua mdomo kujibu. Aliitazama nyanya, akaitazama mikono yake, wa kulia hasa, akaugeuza juu chini kama kitu alichoazima. Mluzi ulikuwa umekatika zamani.

"Sijui," akasema.

Piroska hakumpa nafasi ya kufikiri. Alimjazia kikombe kahawa, akakitia kwenye mkono wake wa kushoto, akamwambia atoke tena, atembee kama anavyotembea siku zote, na azungumze. Azungumze nini? Chochote. Azungumzie bei ya dizeli. Dezso akatoka akizungumzia bei ya dizeli, mkewe nyuma yake na fimbo. Akapita mlango wa ghala, akapita pipa la maji, akafika kwenye mbangi wa kwanza ambako chini kidogo kulikuwa na kitawi kimejitahidi kutoa kiua kipya. Alikuwa anasema kwamba wa kulaumiwa ni wenye malori. Mkono wa kulia ukainuka peke yake, ukaenda pale penyewe, tak, kiua kikaanguka, mkono ukajifuta kwenye suruali, naye akaendelea kutembea na kuwalaumu wenye malori. Kuku watatu wakaja mbio wakakimaliza kile kiua. Jogoo akasimama akisubiri kingine, mpole kama shemasi.

"Simama," Piroska akasema.

Dezso akasimama. Akageuka, akawaona kuku. Akaona kikonyo. Piroska alikuwa ameandaa maneno makali njiani, lakini aliuona uso wa mumewe ukipauka kidogo kidogo kuanzia masikioni, na maneno yakamchacha mdomoni.

"Mimi nilikuwa napita tu," Dezso alisema. "Mimi huwa napita tu, Piroska."

"Ndiyo. Na wa nne hupiti, kwa sababu tangi limekuzibia njia."

"Usingizi wako ule."

"Ndiyo, baba. Usingizi wangu ule."

Mchana ule alimtolea glavu zake za sufu za majira ya baridi, zile nene za mfuko mmoja ambazo dole gumba pekee ndilo lenye nyumba yake. Akamwambia kuanzia sasa hatoki nje bila hizo. Ilikuwa Septemba, watu wanavaa mikono mifupi. Mtu wa posta alipomuona Dezso na kikombe cha kahawa ndani ya glavu za theluji, alipunguza mwendo wa gari kuangalia vizuri.

Kwa Godelieve Piroska alikwenda mwenyewe, bila fimbo, ili aonekane anaumia. Hakuhitaji kuigiza. Godelieve alimwacha amesimama kibarazani mpaka akamaliza kusimulia yote, toka uzi mweusi mpaka nyanya. Alipofika kwenye nyanya, mdomo wa Godelieve ulicheza upande mmoja, ukarudi mahali pake.

"Umenifikiria mwizi siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kila siku?"

"Jumapili nilipumzika."

"Na ulidhani naruka ule uzio?"

"Una miguu mirefu, Godelieve."

Godelieve aliangalia miguu yake, kisha uzio, kwa namna ya mtu anayefikiria kama kweli angeweza. Halafu akasogea mlangoni nafasi ya mtu mmoja kupita. "Keki zimeshaliwa," akasema. "Ingia unywe kahawa. Lakini kaa mahali ninapokuona."

Mbangi wa nne waliukata siku mbili kabla ya sakitu, Godelieve akiongoza kwa mkasi wake mwekundu. Waliondoa majani makubwa, wakaacha maua kwenye matawi yake. Mahali pa kuning'iniza hapakuwa na mjadala. Nyuma ya nyumba ya Vadnai bado limesimama bani moja la tumbaku, jengo la kukaushia majani, la mbao za kijani, refu, lenye giza na mabomba ya moto sakafuni. Matawi tisa yaliyofungwa vichwa chini kwenye bani lililowahi kubeba vijiti elfu moja na mia mbili yalionekana kama soksi za mtoto zilizoanikwa kanisani.

Dezso aliingia na glavu zake, akavuta hewa puani, na uso ukamkunjuka. Hapa palikuwa kwake. Alianza kueleza kwamba siku ya kwanza moto uwe mdogo, siku ya tatu uongezwe, na siku ya tano—

"Hakuna moto," Godelieve alisema.

"Kitu kibichi hakikauki bila moto."

"Hiki kinakauka. Giza, upepo kidogo, siku kumi, mpaka kijiti ukikikunja kivunjike badala ya kupinda. Ukiwasha moto, harufu inapaa, na nguvu inapaa na harufu, na mkeo anakula biskuti ya nyasi."

Piroska alimwona Dezso akiyatazama yale mabomba. Miaka arobaini mtu yule hakuwahi kufunga mlango wa bani bila kuwasha. Kama mkono wake ulivunja vichwa wenyewe, nani alijua ungefanya nini karibu na valvu ya gesi? Walipotoka, Piroska akarudi ndani kwa siri, akafungua mpini wa valvu kwa bisibisi, akautia mfukoni. Usiku aliulaza chini ya mto. Ulimchoma shingo, lakini alikuwa halali vyovyote vile.

Siku ya nne mvua ikaanza, ile nyembamba ya Oktoba isiyo na haraka. Siku ya sita, akiosha vyombo, Piroska akamuona Dezso akiingia kwenye bani na asitoke. Akasubiri dakika kumi. Akasubiri nyingine tano, mkono mfukoni juu ya mpini. Kisha akachukua fimbo, akavuka uwanja kwenye matope na kusukuma mlango.

Hapakuwa na moto. Alikwenda kushika mabomba moja moja, yote baridi. Dezso alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao chini ya matawi, glavu zake mapajani mwake, na juu darini vile vizibo vya hewa ambavyo havijafunguliwa miaka kumi na tano vilikuwa vimefunguliwa, viwili upande wa upepo na kimoja upande wa pili.

"Kwa nini umevua glavu?"

"Siwezi kusoma unyevu na glavu." Hakugeuka. "Hewa ilikuwa imekaa. Toka jana. Leo jioni kuvu ingeingia, tena ingeanzia katikati ya ua ambako huioni." Akaonyesha kwa kidevu tawi moja lililowekwa peke yake karibu na mlango. "Lile lilikuwa limeanza. Nimelitoa. Haya manane ni salama, lakini mtu akae hapa. Mvua ikipinda nibadilishe vizibo."

Piroska alilichukua lile tawi, akalipasua ua. Ndani kulikuwa na utando wa kijivu kama vumbi la kitanda. Akainua macho na kuhesabu matawi yaliyoning'inia. Manane. Akavihesabu vichwa vyake. Vyote vilikuwepo.

"Umeshika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto," Dezso akasema. "Wa kulia nimeukalia."

Alitazama. Kweli, alikuwa ameukalia.

Alimletea supu ya maharagwe mle mle ndani, na blanketi. Jioni Godelieve alipopita kuangalia, alitazama vizibo, akatazama lile tawi bovu, akasema Mhungaria mmoja si mbaya ukimnyima kiberiti, jambo ambalo kwa Mbelgiji ni kama kumpa mtu medali.

Siku ya kumi na moja vijiti vilivunjika. Maua yalijaza chupa tatu za kioo za kachumbari, na kwa wiki mbili Piroska alizifungua kila asubuhi zipumue na kuzifunga tena, akichora mstari wa kalamu kwenye kioo pale maua yalipoishia, si kwa sababu ya mtu fulani. Zilikuwa chupa tatu badala ya kumi. Godelieve alipima, akapiga hesabu kwenye bahasha, akasema nusu biskuti kwa usiku itafika katikati ya Februari, na baada ya hapo yeye ana ziada kidogo. Alilisema hilo la ziada akiwa anafunga viatu, ili asitazamwe usoni.

Usiku wa kuamkia mkesha wa Watakatifu Wote, Piroska akala nusu yake ya kwanza, akazima taa.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limefika kwenye picha ya harusi, mahali ambapo halifiki kabla ya saa tatu. Nyonga ilikuwa kimya. Nyumba nayo ilikuwa kimya, na kimya kile ndicho kilichomkurupusha. Mbona hakuna aliyemwamsha? Akanyanyuka, akasogea dirishani bila fimbo, akafunua pazia kwa kidole kimoja.

Nje kulikuwa kumeganda kweupe. Dezso alikuwa kwenye mzunguko wake na kikombe ndani ya glavu, anapita kando ya uzio wa michongoma. Upande wa pili, kwenye ngazi za kibaraza, Godelieve alikuwa amepanga vyungu vya maua ya njano ya kupeleka makaburini kesho, kwa Maurits. Chungu kimoja kilikuwa karibu mno na ule mwanya. Piroska akashika pumzi. Mkono wa kulia ukainuka peke yake, ukapita kwenye mwanya, ukafika chini ya ua. Dole gumba la sufu likabana, likateleza. Ua likarudi juu likitikisika. Dezso akautazama mkono wake kwa muda, akanywa kahawa, akaendelea.

Piroska alibaki dirishani mpaka mumewe alipokata kona ya ghala. Kisha akayahesabu yale maua ya njano, chungu kwa chungu. Yalikuwa kumi na moja. Akarudi kitandani na kujifunika blanketi mpaka shingoni. Mchana atayahesabu tena.